Nyumba ya Bei Nafuu Arusha: Maswali ya Wasomaji

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Ongezeko hilo ukiligawa kwa miaka 10, kisha kwa kaya ya watu wanne, unapata kaya 5,000 hivi zinazohitaji pa kulala kila mwaka. Ni hesabu ya mkono tu, lakini inaeleza kwa nini chumba cha Sombetini hakikai wazi hata wiki, na kwa nini Kwa Mrombo, palipokuwa mashamba ya mahindi, sasa pana bati kila upande.

Wengi mmeuliza gharama ya tofali na saruji. Tutafika huko. Tunaanza na ardhi, maana fedha nyingi ya mwenye kipato kidogo hupotea kabla hajanunua hata ndoo moja ya mchanga.

Nauza mboga Soko la Kilombero na tumepanga Unga Limited. Nasikia halmashauri zinapima viwanja na kuviuza. Mtu kama mimi anavipataje, na nitajuaje kwamba si utapeli?
*Mama wa watoto wawili, Unga Limited*

Mama wa watoto wawili, pole na majukumu. Utaratibu unaousikia unaitwa KKK, yaani Kupanga, Kupima na Kumilikisha. Serikali kupitia Wizara ya Ardhi huikopesha halmashauri fedha. Halmashauri hulipa fidia au hukubaliana na wenye mashamba, huchora ramani ya mipango miji, hupima, huuza viwanja, kisha hurejesha mkopo. Kwa hiyo bei ya kiwanja imebeba fidia, upimaji na uchongaji wa barabara. Usishangae ukikuta kinazidi bei ya kipande cha dalali. Ile ziada unalipia barabara iliyokwisha kuchorwa na hati isiyo na mgogoro.

Viwanja vikitangazwa, nenda mwenyewe idara ya ardhi. Uliza vitu vinne na uviandike: namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, matumizi (makazi, makazi na biashara, au huduma), na muda wa kulipa. Omba uone ramani ya upimaji, kisha nenda uwandani ukaonyeshwe bikoni zote, yaani alama za pembe za kiwanja, kwa kawaida nne. Bikoni moja ikikosekana, mpimaji airudishe kabla hujalipa. Ukishalipa, kuirudisha kutakuwa gharama yako.

Malipo yote ya serikali hupita kwenye namba ya malipo, benki au kwa simu, na risiti hutoka kwa jina lako. Anayekuambia umtumie yeye ili akuwahishie, mwache hapo hapo, hata kama ana kitambulisho shingoni.

Watu wengi huanguka kwenye bili ya pili. Wanakusanya bei ya kiwanja, wanailipa, halafu wanakuta gharama za hati: tozo ya mbele, ada ya kuandaa hati, ya usajili, ya ramani, ushuru wa stempu, na kodi ya pango la ardhi ya mwaka wa kwanza. Omba mchanganuo wote kwa pamoja siku ya kwanza. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwa mita ya mraba na hulipwa kila mwaka, kwa hiyo kiwanja kidogo hukupunguzia mzigo hadi uzeeni. Soma pia masharti ya hati. Mengi hutaka uendeleze kiwanja ndani ya miezi 36, na kiwanja kilichotelekezwa kinaweza kubatilishiwa miliki.

Huenda umesikia pia Safari City, mradi wa nyumba wa Shirika la Nyumba la Taifa kule Mateves. Kabla ya kuvutiwa na bei ya nyumba iliyo nje ya mji, chukua nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku 26 na kwa idadi ya wanaosafiri nyumbani kwako, kisha ijumlishe kwenye marejesho ya mwezi. Kwa muuza mboga anayetakiwa kuwa sokoni alfajiri, jumla hiyo ndiyo bei halisi.

Na hapa tunasema bila kuzunguka: halmashauri zikitaka nyumba nafuu, zitoe viwanja vidogo vingi karibu na barabara za daladala. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 hakiwezi kuwa cha mama lishe, hata kikitangazwa vipi.

Mtaa wetu uko kwenye urasimishaji. Jirani mmoja anakataa kuachia eneo la barabara, na kazi imesimama. Tufanyeje?
*Mzee wa Kwa Mrombo*

Shikamoo mzee. Urasimishaji ni kupanga na kupima makazi ambayo watu wameshajenga, ili kila mmoja apate hati pale pale alipo. Kazi huanza na mkutano wa mtaa na kamati ya wananchi, kisha utambuzi wa mipaka kwa kila mwenye eneo na majirani zake, mchoro wa mipango miji, upimaji, na mwisho umilikishaji. Hatua ya mchoro ndiyo hukwama, na sababu karibu siku zote ni barabara.

Mpelekeeni jirani hesabu, maana lawama hazijawahi kusogeza ukuta. Lori au gari la kunyonya majitaka lina upana wa mita 2.5 hivi. Kwa hiyo njia ya mita 3 yenye uzio pande zote haimwezeshi dereva hata kufungua mlango. Njia ya mita 4 inapitisha gari moja. Mita 6 zinapishanisha mawili. Mwenye eneo la mita 20 kwa 20 akirudi nyuma mita 2, anatoa mita za mraba 40 kati ya 400, sehemu moja ya kumi. Anachopata ni gari la majitaka, gari la zimamoto, na bomba la maji lenye pa kupita. Siku akitaka kuuza au kukopa, benki itauliza kwanza kama gari linafika.

Kama nyumba yake imeshakaa kwenye mstari, msilazimishe mstari ulionyooka. Mchoraji anaweza kupindisha njia, au kuchukua mita 3 upande wa pili na 1 kwake, na wanaonufaika wamchangie kuhamisha uzio au choo. Makubaliano hayo yaandikwe, yasainiwe mbele ya kamati, na nakala iende kwa afisa mipango miji. Ahadi za mdomo huvunjika mpimaji akishaondoka.

Kosa jingine ni kuishia kwenye upimaji. Watu wanaona bikoni, wanafurahi, wanaacha kumalizia hati. Bikoni peke yake haimmilikishi mtu.

Mwenye nyumba anatukata fedha ya kodi ya jengo, na LUKU nayo inakata. Nani anatakiwa kulipa?
*Mpangaji, Ngarenaro*

Mwenye nyumba. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Ikikatwa kwenye umeme wako, weka ujumbe wa LUKU na uombe ipunguzwe kwenye pango. Mkiwa wapangaji wengi mita moja, andikeni kwenye mkataba ni nani ananunua umeme na makato yanarudishwaje.

Tuko kina mama 12 wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tunataka kununua eka moja Olmoti au Terrat tugawane viwanja. Uwanja wa AFCON umepandisha bei, tunaogopa kuchelewa.
*Kikundi, Olorieni*

Dada zetu, haraka hiyo ndiyo mtaji wa dalali. Kaeni kwanza na hesabu hii. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Toeni asilimia 30 ya barabara na nafasi za wazi, zinabaki 2,833. Mkigawana 12, kila mmoja anapata mita za mraba 236, na idara ya mipango miji inaweza kukataa mchoro kwa udogo wa viwanja. Kwa mita 15 kwa 20, eka moja inatoa viwanja 9. Kwa 20 kwa 20 inatoa 7. Kwa watu 12, eka moja na nusu ndiyo inayowatosha bila ugomvi. Umbo nalo lina kauli: eka nyembamba na ndefu hula ardhi nyingi kwa barabara kuliko iliyokaribia mraba.

Kabla ya kutoa hata arabuni, nendeni na namba au ramani ya eneo idara ya mipango miji mkaulize limepangiwa nini. Mashamba mengi ya pembezoni yamepita kwenye michoro ambayo mwenye shamba mwenyewe hajaiona. Mnaweza kununua katikati ya barabara kuu ijayo, au eneo la shule. Kama lina hati, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio la mahakama. Kama ni ardhi ya kijiji, taratibu ni za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na hupitia halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Kama shamba ni la urithi, mtake barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na muwasikie watoto wote wa marehemu. Kama muuzaji ana mke au mume, huyo naye atie saini. Kukosa saini ya mama mwenye nyumba kunaweza kuwafikisha mahakamani.

Mkataba uandikwe na wakili. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji. Andikeni hivyo wazi, la sivyo itawarudia siku ya kuhamisha miliki.

Jambo ambalo vikundi vingi havilijui: Sheria ya Ardhi ina namna mbili za kumiliki pamoja. Katika ya kwanza, mmoja akifariki sehemu yake huenda kwa aliyebaki. Hiyo ni ya wanandoa. Katika ya pili, kila mmoja ana hisa yake na hisa hiyo huenda kwa warithi wake. Ninyi mnahitaji ya pili, na hisa za kila mmoja ziandikwe. Msimwandikishe mwenyekiti peke yake kwa sababu anaaminika. Akifariki, mtajadiliana na warithi wasiowajua.

Mkitaka mfano wa watu wa kipato kidogo waliofika mbali kwa njia hii, wako Chamazi, Dar es Salaam. Wakazi waliopoteza makazi Kurasini kwa upanuzi wa bandari walijiunga, wakaweka akiba, wakanunua ekari 30 na kujenga huko. Walianza na akiba na daftari la wanachama, ardhi ikafuata.

Fundi anasema tofali za kufungamana, zile za udongo na saruji zinazoshikana bila mota, zitanipunguzia nusu ya gharama. Ni kweli? Ardhi yangu ina udongo mwekundu.
*Baba Neema, Moshono*

Baba Neema, punguzo lipo, ila halipo pale fundi anapolionyesha. Tuchukue nyumba ya mita 7 kwa 6, vyumba viwili na sebule. Ukijumlisha kuta za nje na za ndani unapata mita 36 hivi za urefu. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango minne na madirisha manne, zinabaki mita za mraba 84 za ukuta.

Kwa tofali za saruji za inchi 6, unahitaji 9 kwa mita ya mraba, yaani 800 pamoja na zitakazovunjika. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30, ni mifuko 27. Mota ya kujengea itakula mifuko 9 hivi, na plasta ya ndani na nje karibu 19. Jumla 55.

Tofali ya kufungamana ya milimita 300 kwa 150 kwa 100, ile inayohimizwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba, huingia 33 kwa mita ya mraba. Unahitaji 3,000. Mfuko mmoja ukitoa 70, ni mifuko 43. Umeona? Tofali zenyewe zimekula saruji nyingi zaidi, 43 kwa 27. Nafuu imetoka kwenye mota isiyohitajika na plasta usiyopiga. Kwa hiyo ukijenga kwa tofali hizi kisha ukapiga plasta ndani na nje kwa sababu majirani wamepiga, umelipa zaidi ya mwenzako. Ukuta uache wazi, ukwangue vizuri, ndani upige rangi au plasta nyembamba jikoni na bafuni tu. Nafuu ya pili ni udongo: kama unaofaa umo kiwanjani, umeokoa tripu za mchanga.

Sasa huo udongo wako. Wekundu hausemi lolote; unapimwa kwa kisanduku. Tengeneza cha mbao, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta. Chimba kupita kina cha sentimita 50, pasipo mizizi, chekecha, lowanisha hadi uwe uji mzito, jaza na kushindilia pembeni. Weka juani siku 3. Ukikauka, usogeze wote upande mmoja na upime pengo. Likiwa chini ya milimita 15, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, 1 kwa 12. Likizidi 60, udongo una mfinyanzi mwingi. Ongeza mchanga upime tena. Udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi usiuguse kabisa, kwa tofali wala kwa kujazia msingi.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 16 unahitaji lita 560 za udongo uliochekechwa, yaani debe 28 za lita 20, na unatoa tofali 75 hivi. Kwa 1 kwa 12 zinashuka hadi 57. Fundi akikuahidi 120 kwa mfuko, anakuuzia udongo mkavu.

Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa keni yenye matundu. Kamata donge, libane, liachie toka kimo cha bega. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yanatosha. Likisambaratika, ongeza kidogo. Likibaki zima, umezidisha. Usichanganye zaidi ya unachoweza kufyatua ndani ya saa moja, maana saruji haisubiri chakula cha mchana. Panga tofali kivulini, zisizidi tano kwenda juu, funika kwa nailoni au majani, mwagilia asubuhi na jioni siku 7 au zaidi. Jenga baada ya siku 28. Wengi hupungukiwa subira hapa. Tofali inayomeguka kona ukutani mara nyingi ilinyimwa maji wiki ya kwanza.

Kozi ya kwanza ilazwe kwenye mota na nailoni ya kuzuia unyevu, na ipimwe pimamaji mita kwa mita. Tofali hizi hazina mota ya kuficha kosa: milimita 3 chini zinakuwa sentimita juu. Msingi utoke ardhini sentimita 30 au zaidi, na paa litoke nje ya ukuta sentimita 60, kwa sababu mvua ya masika inayopiga ukuta wazi kwa pembeni ndiyo adui yake mkuu.

Usibane fedha kwenye lenta. Funga mkanda wa zege kuzunguka kuta zote, saruji 1 kwa mchanga 2 kwa kokoto 4, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Arusha iko kando ya Bonde la Ufa, na mitetemo ya Julai 2007 upande wa Gelai na Oldonyo Lengai ilisikika hadi mjini.

Mimi ni mwalimu. Benki inanishawishi nichukue mkopo wa nyumba wa miaka 15 badala ya 10 ili makato yawe madogo.
*Mwalimu, Kimandolu*

Mwalimu, chukua milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 inayopungua. Kwa miaka 10 unalipa 484,000 hivi kwa mwezi, jumla milioni 58. Kwa miaka 15 unalipa 420,000, jumla milioni 75.6. Unapumua shilingi 64,000 kwa mwezi na kuzilipia zaidi ya milioni 17. Kama 484,000 hakikubani, chukua 10. Kama kinakubani, afadhali ukope kidogo na ujenge vyumba viwili kwanza kuliko kurefusha. Uliza pia kama unaruhusiwa kulipa kabla ya muda na kwa adhabu gani, na kama riba inaweza kubadilishwa. Mwenzi wako lazima aridhie rehani ya nyumba ya familia kwa maandishi.

Benki ya Nyumba, THB, ilifungwa 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mikopo ya muda mrefu ilikuwa adimu. Kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa 2010, huzipa benki fedha za muda mrefu ili ziweze kukopesha nyumba. Kwa hiyo zungukia benki tatu angalau, usiishie kwenye ile inayopitisha mshahara wako.

Sisi ni vijana wa Moshi. Je, mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri unaweza kutujengea nyumba?
*Kikundi cha vijana, Pasua*

Kujenga nyumba ya kuishi, hapana. Mkopo huo usio na riba hutoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ni wa kazi ya kuzalisha. Lakini kufyatua tofali za kufungamana ni kazi ya kuzalisha. Andikeni andiko la mashine ya mkono, nailoni, keni na mtaji wa saruji, mlipeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mashine moja yenye watu watano hutoa tofali 300 hadi 400 kwa siku, kwa hiyo nyumba kama ya Baba Neema ni kazi ya siku 8 hadi 10 za kufyatua, pamoja na mwezi wa kusubiri. Mwezi huo uwekeni kwenye ratiba ya marejesho, kwa sababu mteja hachukui tofali za juzi. Kabla ya kuuza mzigo wa kwanza, zamisheni tofali tano ndani ya maji kwa saa 24. Ikitoka moja imelainika ukingoni, rudini kwenye kisanduku mpime udongo upya.